Mistari Mitatu ya Maoni

Wizara imeleta fomu.
Kurasa kumi na moja za malengo, na mwishoni,
chini kabisa, mistari mitatu:
*Maoni ya mwalimu, kama yapo.*

Kama yapo!
Miaka kumi na tisa nafundisha hesabu hapa Ibra.
Nimeona mitaala minne ikiingia,
kila mmoja na jalada lake linalong'aa,
kila mmoja na semina yake Maskati, chai na sambusa,
na ukifunua ndani, treni zile zile:
moja yatoka kituo A, nyingine kituo B,
zitakutana saa ngapi?

Ibra hakuna treni.
Binti zangu thelathini na wawili
wanazikutanisha hivyo hivyo, maskini,
treni wasizozijua, katika nchi isiyotajwa,
na kengele ikilia wanafuta ubao.

Safari hii tumeambiwa tufundishe kufikiri.
Neno limekolezwa wino, mara sita katika ukurasa mmoja.
Sina ugomvi nalo.
Nina Raya.

Raya binti Muhanna, dawati la dirishani, darasa la kumi,
alama saba kati ya ishirini katika hesabu za sehemu.
Nilimwandikia kwa wino mwekundu: *Ongeza bidii.*

Babu yake ndiye mgawa maji wa falaji,
na macho ya mzee yameingia ukungu tangu mwaka juzi.
Daftari analishika Raya.
Nimeliona. Lanuka ndimu na udongo.
Athari moja ni nusu saa ya maji
(si ile athari ya kwenye ripoti zenu),
nusu athari ya wajane wawili, robo ya msikiti,
thumuni ya ndugu watatu wasiosemezana,
na kila mmoja apate chake
kabla kivuli cha kijiti hakijavuka jiwe.
Usiku yeye hutazama simu;
babu bado anauliza nyota.

Thumuni kwa watatu.
Nilikaa nikaipiga nyuma ya risiti ya dukani,
nikakosea, nikarudia:
dakika moja na robo.
Raya alikuwa ameshaiandika kwa penseli, na pembeni:
*Bi Shinuna alikopa dakika mbili Jumanne. Arudishe.*

Haya nayaandika kwanza kwa lugha ya mama,
aliyezaliwa Unguja akaja huku
na mbuzi ya kukunia nazi, mahali pasipo minazi.
Kesho nitayahamishia Kiarabu cha ofisini,
na najua yatapungua njiani
kama maji ya mwezi wa sita.
Fomu haiulizi
mtoto anapogawa, kichwani anagawa kwa lugha gani.

Mistari mitatu, basi.
Wa kwanza: *Swali la kumi na nne, toeni treni, tieni maji.*
Wa pili: *Kabla ya kitabu kingine, njooni mkae ukingoni
alfajiri moja. Msije na viatu vya ngozi.*
Wa tatu nimeuacha mtupu.
Nilitaka kuwalaumu,
nikakumbuka si Wizara iliyoshika ile kalamu nyekundu.

Saa tisa na dakika kumi usiku, simu:
*Mwalimu, zamu ya bustani ya mama yako imesogea mbele.
Fungueni sasa.*
Nikatoka na tochi.
Maji yalikuwa yameshafika, yakisukuma gunia la kizibo.
Nyuma yangu mama, kanga begani, ndala mguu pande:
"Nani kakwambia usiku huu?"

"Mtoto mmoja niliyemfelisha."

Akanitazama.
"Basi usisimame," akasema. "Shika jembe."